Wanao wanarithi kubana kwako, au woga wako?

Mwaka jana, mwezi wa tatu, mwalimu wa darasa la kitindamimba wangu alinipigia simu akaniomba nipite shuleni nikipata nafasi. Nilikwenda kesho yake asubuhi. Akanitolea daftari la hesabu. Mwanangu, aliyekuwa darasa la nne, alikuwa amemaliza kurasa zote, kisha akarudi mwanzo na kuanza kuandika pembezoni, kwenye ule upenyo ulio kushoto kwa mstari mwekundu, juu ya tarehe, hata ndani ya jalada kulikochapwa jedwali la kuzidisha. Tarakimu zilikuwa ndogo kama chenga za mchele. Mwalimu hakukasirika. Aliniuliza tu kwa upole, "Mama, nyumbani kuna shida?"

Shida haikuwepo. Daftari jipya ni bei ya soda. Jioni nikamuuliza mtoto kwa nini hakuniambia kwamba daftari limejaa. Akajibu huku anaangalia vidole vya miguu yake, "Si ulisema hela hakuna."

Ni kweli nilisema. Nilikuwa nasema kila siku. Akitaka chipsi, hela hakuna. Akitaka viatu vinavyowaka taa, hela hakuna. Lilikuwa neno jepesi la kukata ubishi, na moyoni nilijipa sifa kwamba namlea mtoto asiwe mharibifu. Kumbe yeye alikuwa analipokea kama lilivyo. Kwa akili yake ya miaka kumi, nyumba yetu ilikuwa inakaribia kukosa hela ya daftari.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani hasa watoto wanachukua kwa wazazi wanaojua kubana matumizi. Wengi tunaamini kwamba mtoto akikuona unazima taa na unakamua dawa ya meno mpaka mwisho, naye atakuwa hivyo. Mimi nimelelewa na bingwa wa mambo hayo, na nikiwatazama ndugu zangu naona si hivyo hata kidogo.

Nimezaliwa Tanga mwaka 1975, na kumbukumbu zangu za kwanza ni za foleni. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeikausha nchi, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hakuna. Mwaka 1983 Edward Sokoine akiwa waziri mkuu ukaja msako wa wahujumu uchumi, na maduka yaliyokuwa na vitu vichache yakabaki meupe. Wenye umri wangu mnakumbuka. Tulifulia majani ya mpapai sabuni ilipokosekana. Tulikula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mshahara wake hata ukiwepo mkononi, cha kununua ndicho kilikuwa kazi kukipata.

Jikoni kwake hapakuwa na kitu cha kutupa. Nazi moja aliikamua mara tatu. Tui la kwanza, lile zito, aliliweka kando kwenye bakuli akalifunika. Akarudisha machicha kwenye kung'uto, akamimina maji ya uvuguvugu, akakamua tena, kisha tena, mpaka maji yakatoka yamepauka. Hilo la mwisho ndilo lilitangulia chunguni kuchemshia maharage, na tui zito likaingia mwishoni kabisa, chungu kinaepuliwa. Machicha yalikwenda kwa kuku. Vifuu viliwashia moto. Chakula kikiiva, hakuuacha mkaa uteketee bure. Alichukua koleo akaokota kaa moja moja akalidumbukiza kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, akalifunga. Asubuhi mkaa ule mweusi, mwepesi, ulichemsha chai. Naweza kulisikia mpaka leo lile kopo linavyolia makaa yakiangukia ndani.

Sare zetu za shule alizishona na pindo la vidole vinne. Kila Januari aliliachia kidogo. Ukifika darasa la tano sketi yako ina mistari mitatu iliyopauka kwa chini, kila mtu anaweza kuhesabu una miaka mingapi nayo.

Tulikuwa watatu katika nyumba ile. Dada yangu mkubwa leo ana maisha mazuri, ana nyumba yake, lakini akiumwa hanunui dozi nzima. Ananunua nusu, akipata nafuu anaacha, na nusu ile hesabu yake ni akiba. Friji yake imejaa vitu vilivyogandishwa mpaka vimepoteza ladha. Kaka yangu ni kinyume chake. Shilingi haimlali mfukoni. Akilipwa Ijumaa, Jumapili jioni ananitumia ujumbe wa kukopa nauli. Mjini wanamjua kwa ukarimu, mkewe anamjua kwa mengine. Na mimi nipo katikati, siko vibaya, ingawa kisa cha daftari kimenionyesha kwamba sikuwa salama kama nilivyodhani.

Mama mmoja, chungu kimoja, pindo lile lile. Imekuwaje?

Nilimuuliza kaka siku moja tukiwa kwenye msiba wa mjomba, tumekaa nje usiku. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Kuna mwaka alivaa kaptura yenye viraka viwili nyuma, vya rangi tofauti kidogo na kitambaa chenyewe, na wenzake wakambandika jina la ramani. Aliitwa ramani mpaka akamaliza darasa la saba. "Niliapa," akasema, "nikishika hela yangu hakuna mtu atakayenihesabia viraka." Dada naye ndiye aliyekuwa akiamshwa saa tisa usiku kwenda kushika foleni ya sukari, mtoto wa miaka kumi na mbili, na mara nyingine alirudi saa nne asubuhi mikono mitupu. Yeye aliona vitu vikiisha kabla ya zamu yake kufika. Mpaka leo anaishi kama aliye kwenye foleni ile.

Mimi nilikuwa mdogo, na kwa bahati tu nilikuwa nyumbani siku za mshahara. Mama alikuwa anafunga mlango wa chumbani, anamwaga noti kitandani kutoka kwenye bahasha ya kaki, ananiambia nimshikie. Hizi za unga. Hizi za mafuta ya taa. Hizi za mchezo wa kuchangiana kwa zamu, kwa sababu mwezi wa sita zamu ni yetu na tutapiga bati upande wa jikoni. Hizi za Idi. Nilikuwa nashika mafungu yale kwa mikono miwili, naona kila noti inakwenda wapi. Na Idi ilipofika, mama yule yule wa kukamua nazi mara tatu alipika pilau yenye nyama ya kutosha, akamwita jirani na watoto wake, na siku hiyo hakuna aliyeambiwa asiongeze. Kwa hiyo mimi nilijua kubana kulikuwa kwa ajili ya nini. Kaka aliona kiraka tu. Dada aliona sukari imeisha tu.

Ndiyo maana kwa uzoefu wangu mtoto hachukui tabia kwa kuiona peke yake. Anachukua ile aliyoshikishwa mkononi na kuelezwa kazi yake. Ile aliyoiona kwa mbali, ikaambatana na aibu au hofu, ataichukua aibu au hofu yenyewe, na atakapokuwa mtu mzima ataikimbia kama kaka au atajificha ndani yake kama dada.

Kwa hiyo baada ya kutoka shuleni siku ile, kitu cha kwanza nilichobadilisha ni kauli. Nimeacha kusema hela hakuna, ila siku ambayo kweli hakuna, na siku hiyo nasema pia itapatikana lini. Siku nyingine nasema, "Hela ipo, ina kazi yake," na nataja kazi yenyewe. Nyumba itaingiliwa na mvua mwezi wa nne tusiponunua bati mbili. Hapo mtoto anaweza hata kubishana nami kwamba chipsi za siku moja haziwezi kuzuia bati, na mara nyingine ana haki, tunanunua. Mabishano ya aina hiyo nayapenda. Mtoto anayebishana kuhusu hesabu ameshaingia ndani ya hesabu.

Kitu cha pili ni umeme. Nimempa LUKU, ile mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, aisimamie. Tupo kwenye daraja la matumizi madogo, ambako uniti 75 za kwanza katika mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na ukizivuka, kila uniti ya juu yake inaruka mpaka shilingi 350. Nilikaa naye nikamwonyesha tofauti hiyo kwa karatasi na kalamu. Mwenyewe akashika kichwa. Sasa kila Jumapili anapanda kwenye stuli, anasoma mita, anaandika kwenye daftari (jipya, nimemnunulia mawili). Wiki ya kwanza alitutesa sana na pasi. Kaka yake akapigwa marufuku kupasi nguo moja moja kila asubuhi, zote zinapigwa Jumamosi kwa mkupuo. Mimi nilikuwa nimehubiri kuhusu taa na pasi kwa miaka sita bila mafanikio.

Cha tatu ni ule ujanja wa dukani ambao watoto wengi hawafundishwi. Nyumba zetu nyingi huku Mbagala zinanunua vitu vya kupima, mafuta robo, sukari robo, mkaa kwa kopo. Inaonekana ni kubana, lakini mara nyingi ndiyo njia ya gharama zaidi. Nilimtuma binti yangu mkubwa, kabla hajaanza kujitegemea, anunue mkaa wa kopo wiki mbili na aandike kila shilingi, halafu tukalinganisha na gunia. Hakuhitaji mahubiri. Lakini pia alijifunza kwa nini jirani yetu hawezi kununua gunia: hajawahi kuwa na hela ya gunia kwa mara moja. Toka hapo hajamcheka mtu anayenunua kwa kopo, na hilo kwangu lina uzito kuliko gunia lenyewe.

Msilazimishe wachukue vitendo vyenu vile vile. Mama alikuwa na rundo la mifuko ya rambo chini ya godoro, ameifua, ameikunja pembe tatu. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, na rundo lile la miaka likawa halina kazi. Binti yangu ananunua tui la pakiti. Bibi yake alipoliona aliligeuza geuza kama dawa iliyopitwa na wakati. Lakini binti huyo huyo analipa kodi ya chumba miezi sita mbele bila kumkopa mtu. Tusiwahukumu kwa nazi.

Jambo gumu zaidi nimelibakiza, kwa sababu ndilo lililoniuma kuliko daftari. Mwanangu wa pili alikuwa na kibubu cha mbao, kile cha mafundi wa barabarani chenye tundu jembamba juu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa anaweka mia mbili, mia tano, hela za wajomba wakati wa sikukuu, akitaka baiskeli. Kuna mwezi nilibanwa, nikakifungua kwa kisu kwa chini, nikatoa shilingi 43,000 na kujiahidi nitarudisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukapita. Yeye akagundua kwa uzito tu, alipokinyanyua. Hakulia, hakusema neno. Tangu hapo kila hela aliyoishika aliila siku ile ile, nami nikawa namsema kwamba hana akili ya kesho.

Huenda mmesikia habari za Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyewawekea watoto wadogo kitu kitamu na kuwaahidi cha pili wakisubiri. Wengi tuliichukua kama kipimo cha mtoto mwenye subira na asiye nayo. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, Celeste Kidd na wenzake, waliirudia kwa watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano, na kwanza wakawagawa mafungu mawili. Fungu moja waliahidiwa rangi nzuri za kuchorea na wakaletewa. La pili waliahidiwa, mtu mzima akarudi mikono mitupu. Ndipo likaja jaribio lenyewe la kusubiri dakika 15. Katika watoto 14 waliotimiziwa ahadi, tisa walisubiri mpaka mwisho. Katika 14 waliodanganywa, alisubiri mmoja.

Niliposoma hayo nilimwona mwanangu anakinyanyua kibubu.

Ilikuwa imepita miaka minne. Nilitoa hela benki, shilingi 43,000 na 10,000 juu yake, nikamkalisha, nikamwambia nilichofanya na kwamba nilikosa. Alizihesabu mara mbili. Akaniuliza kama elfu kumi ni ya nini, nikamwambia ni ya kusubiri. Alikaa kimya kwa muda, akatoka. Jioni alirudi na chipsi mayai za watu wanne kwenye mfuko wa karatasi, na kibubu kipya kwapani, kikubwa kuliko cha kwanza, chenye kufuli dogo ambalo fundi alimwekea kwa hela ya ziada. Kipo chumbani kwake juu ya kabati. Ufunguo anao yeye.