Choo kimepimwa, "hakuna kitu"

Mwanangu aliendesha siku nne. Nikapeleka choo maabara, wakaandika hakuna kitu. Sasa alikuwa anaumwa nini? (Mama, Likoni)

Pole, mama. "Hakuna kitu" maana yake hakuna walichokitafuta. Tone la choo huwekwa juu ya kioo, likaangaliwa kwa darubini: vijidudu kama ameba na jiadia, na mayai ya minyoo. Kirusi ni kidogo mno kwa darubini hiyo. Kirusi cha noro, msumbufu mkubwa wa matumbo duniani, kilikuja kuonekana 1972 kwa darubini ya elektroni, miaka minne baada ya kuwaangusha watoto wa shule moja ya Norwalk, Marekani.

Hao wanaotafuta virusi kwenye choo kwa kusoma jeni, wanasomaje kitu wasichokijua? (Fundi simu, Majengo)

Fundi, hapo umegusa penyewe. PCR, kipimo kinachotafuta jeni za kirusi kinachojulikana tayari, ni kama kuingia soko la Kongowea na picha ya mtu mkononi: usiye na picha yake atakupita. Kusoma jeni ni kumuuliza kila aliyemo jina lake.

Choo huchujwa, virusi vipite na bakteria wengi wabaki. Virusi vingi vya tumbo vina jeni za RNA, ndugu wa DNA, kwa hiyo hugeuzwa kwanza kuwa DNA, kisha mashine husoma vipande vifupi vifupi, mamilioni. Chukua gunia la leso zilizoraruliwa. Kipande kimoja kimeandikwa "mtaka yote hu", kingine "yote hukosa yo". Ukivipandanisha, jina la leso lajitokeza. Kompyuta hufanya hivyo, halafu hutafuta jamaa wa kirusi hicho. Ndivyo 2008 ilivyopatikana astrovirusi mpya, MLB1, kwenye choo cha mtoto wa Melbourne aliyekuwa akiharisha.

Kirusi kikionekana, basi ndicho mchawi wetu? (Msomaji, Kisauni)

Polepole! Choo cha mtu mzima wa afya pia kimejaa virusi. 2006 watafiti walikuta kwa wingi kirusi cha mmea wa pilipili, kimeingia na chakula tu. Mla achari asishtakiwe. Kingine, crAssphage, kilichotambuliwa 2014, hushambulia bakteria, si sisi. Lazima choo cha wagonjwa kilinganishwe na cha wazima wa mtaa huohuo. Binafsi, ripoti isiyofanya hivyo siiamini.

Nitakipata wapi kipimo hiki? (Baba, Changamwe)

Hiki ni kazi ya utafiti zaidi. Kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome kule Kilifi wanazo mashine. Lakini baba, jina la kirusi halibadilishi dawa ya leo: maji ya ORS (ya chumvi na sukari) kidogo kidogo, zinki, na mtoto anyonye kama kawaida. Antibiotiki haziui virusi. Macho yakiingia ndani, mkojo ukikatika au choo kikiwa na damu, mkimbize hospitali.

Sanitaiza yatosha? (Muuza mahamri, Bamburi)

Kwa noro, haitoshi. Sabuni na maji, kabla hujakanda unga.