Kabla Hujanunua Pampu Mpya ya Mafuta, Pima Umeme Unaofika Kwenye Ile ya Zamani

Gari yangu ya zamani ilinizimikia mara tatu ndani ya wiki moja na zote tatu zilifanana, inatembea vizuri kama dakika 40 hivi, ikishapata joto inaanza kuvutavuta hasa kwenye mlima, unakanyaga mafuta haiitiki, halafu inazima kabisa. Unapiga stata inazungusha vizuri tu lakini haiwaki. Ukikaa nusu saa unajaribu tena, inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua, akasema hiyo ni pampu ya mafuta, magari ya zamani ndio ugonjwa wao huo, kanunue nyingine. Nikanunua, tukashusha tenki, tukafunga mpya, siku mbili raha tupu, siku ya tatu ikazima tena kwenye dakika zilezile 40.

Ile siku iliniuma sana jamani, na ndio maana naandika hapa, kwa sababu naona watu wengi wenye magari ya zamani wanapitia njia hiyohiyo na hela zinaondoka bure. Dalili zote zilikuwa za pampu kweli, ila pampu yenyewe ilikuwa nzima.

Tuanze na hili, hakikisha kwanza tatizo ni mafuta na sio moto wa plagi. Gari ikigoma palepale, chomoa waya mmoja wa plagi, weka plagi ya akiba kwenye waya, uigusishe kwenye chuma cha injini (shika kwa koleo lenye mpira, usishike kwa mkono, na hakikisha hapo karibu hakuna petroli iliyomwagika) halafu mwenzako apige stata. Cheche ikitoka ya nguvu basi elekea kwenye mafuta. Kwa gari ya petroli unaweza pia kupuliza kidogo ile dawa ya kuwashia injini kwenye njia ya hewa, ikiwaka sekunde mbili halafu ikafa, moto upo, petroli ndio haifiki.

Sasa inategemea gari yako ni ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa bila umeme) au injekta (vipua vya umeme vinavyopuliza petroli), maana pampu zake ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ya kabureta mara nyingi ni pampu ya mkono wa chuma iliyofungwa ubavuni mwa injini, kamshafti (shafti inayofungua valvu za injini) inausukuma ule mkono, ndani kuna dayaframu, yaani utando wa mpira, inapanda na kushuka. Presha yake ni ndogo tu, kama 4 hadi 6 PSI (PSI ni kipimo cha presha). Kuipima ni rahisi: kata moto wa plagi kwa kuchomoa waya wa koili (kifaa kinachozalisha umeme wa plagi), toa mpira unaoingia kwenye kabureta uuingize kwenye chupa, piga stata, petroli itoke kwa mapigo ya nguvu. Isipotoka usikimbilie kulaumu pampu, angalia ule mpira unaotoka tenki kuja kwenye pampu, kwa sababu ukiwa na ufa mdogo hautavuja hata tone, ila pampu itavuta hewa badala ya petroli. Ikitoka vizuri ikiwa baridi lakini injini ikishachemka inagoma, huenda petroli inageuka mvuke kwenye paipu lililopita karibu na ekzosi, hapo sogeza paipu au likinge na joto. Na tafadhali nusa kijiti cha oili. Dayaframu ikichanika petroli inaweza kushuka ndani ya injini, oili inaongezeka na kunuka petroli, na oili ya hivyo inaua beringi za injini, kwa hiyo usiendelee kuendesha hata kama gari bado inawaka.

Za injekta ndio zinasumbua watu, na yangu ilikuwa hiyo. Pampu ni ya umeme, nyingi zinakaa ndani ya tenki. Washa swichi bila kupiga stata, tega sikio kwenye tenki, kwa gari nyingi utasikia inalia sekunde mbili au tatu halafu inanyamaza. Usiposikia kitu anza na fyuzi, kisha rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme), kwa kawaida unaweza kuibadilisha na ya honi au ya kitu kingine zikiwa zinafanana pini. Baadhi ya magari yana swichi ya usalama inayokata pampu gari ikigongwa, na wakati mwingine hata shimo kubwa linaifyatua, unabonyeza kitufe chake tu safari inaendelea. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 80 na 90 kuna kiboksi cha daignosisi (cha kupimia matatizo ya gari) chini ya boneti, ukiunganisha pini ya Fp na ile ya +B kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imewashwa, pampu inazunguka bila kungoja amri ya mtu, na hiyo inarahisisha vipimo sana.

Kuna shida moja nimeiona kwenye gari ya rafiki yangu: inawaka ukiwa umeshikilia ufunguo, ukiuachia inazima papo hapo. Injekta za zamani zenye kile kipimo cha hewa cha mlango unaofunguka, ndani yake kuna kontakti ndogo inayoiruhusu pampu iendelee baada ya kuachia stata. Kontakti ikichoka unapata ugonjwa huo, na ukiweka pampu mpya hata kumi hazitaleta badiliko lolote.

Turudi kwangu. Fundi wa pili alikuja na mita ya kupimia umeme, akakaa anasubiri gari ichemke mpaka ianze kugoma, na hapo ndipo nilipojifunza jambo kubwa kuliko yote, kwamba unapima wakati ugonjwa upo na pampu ikiwa inazunguka, sio soketi imechomolewa. Ukichomoa soketi ukapima utaona volti 12 hata kama waya umebaki uzi mmoja, kwa sababu hakuna mzigo, yaani pampu haivuti umeme. Sisi tulipima hivi: betri volti 12.1, kwenye pini za pampu volti 8.6. Volti tatu na nusu zimepotelea wapi? Akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya pampu na nyingine kwenye hasi ya betri, ikasoma 3.1. Ilitakiwa iwe karibu na sifuri, ikizidi nusu volti ujue kuna shida. Maana yake shida ni ethi, yaani njia ya hasi inayofungwa kwenye bodi ya gari. Tukafunua kapeti ya buti, tukakuta bolti ya ethi imeliwa na kutu, na waya una joto ukiugusa. Kila gari ikitembea ile sehemu inapata joto, ukinzani unaongezeka, pampu inazunguka kivivu, injini inakosa mafuta. Akapiga msasa, akaweka bolti mpya, akapaka grisi, dakika 20 kazi imekwisha. Gari haikuzima tena kwa tatizo hilo.

Ukikuta umeme unafika vizuri, basi tafuta geji ya presha. Injekta nyingi za kawaida zinataka kama 35 hadi 50 PSI, zile zenye injekta moja tu juu ya throto (mlango wa hewa ya injini) zinatumia presha ndogo zaidi, kwa hiyo tafuta namba ya gari yako. Presha ikiwa chini badilisha filta kwanza kama hukumbuki mara ya mwisho ilibadilishwa lini, na chomoa kimpira cha vakyumu (mvuto wa hewa ya injini) cha regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, ukikuta kina petroli ndani regyuleta imechanika.

Pampu kufa kweli kupo. Miaka iliyofuata ile pampu mpya nayo ilikufa, umeme ulikuwa unafika wote na yenyewe kimya, nikagonga tenki kwa nyundo ya mpira mara mbili tatu ikaamka, maana brashi za mota zilikuwa zimekwisha. Ikiamka kwa kugongwa nenda nayo nyumbani moja kwa moja, usiipange safari nyingine.

Wakati wa kubadilisha, naomba sana, fanya kazi nje penye hewa, toa fyuzi ya pampu uache injini ingurume mpaka izime yenyewe ili presha ishuke, kisha toa waya wa betri, weka kizima moto karibu, na taa ya balbu iwe mbali kabisa. Ringi inayoshika pampu usiigonge kwa chuma, tumia shaba au mti. Chungulia ndani ya tenki kwa tochi iliyofungwa vizuri, ukiona kutu au matope osha tenki kwanza, la sivyo kichujio cha pampu mpya kitaziba mapema. Na kile kimpira kifupi kinachokaa ndani ya tenki kisiwe mpira wowote wa mafuta, kuna aina maalumu iliyotengenezwa kuzama ndani ya petroli, imeandikwa R10, mpira wa kawaida unavimba na kuoza humo ndani, presha inaanza kupotea na unarudi kuilaumu pampu upya.

Ukishafunga mimina mafuta ya kutosha, usianze na lita mbili, kwa sababu petroli ndiyo inayoipoza pampu. Washa na kuzima swichi mara tatu nne bila stata ili paipu zijae, pita na tochi kila kiungo ukitafuta unyevu, halafu ndio uwashe. Mimi huwa nawasha nikaiacha ikinguruma mpaka feni iwake, narudi kupima volti za pampu tena ikiwa ya moto, naandika ile namba na tarehe kwenye karatasi ndani ya dashibodi.