Kwa mwanangu, kuhusu riwaya inayokunyima usingizi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia pamoja na riwaya uliyoiambatisha, nami sikutaka kukujibu kabla ya kuimaliza. Nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa siku mbili, nikikesha kama unavyokesha wewe, na mara ya pili taratibu kwa muda wa wiki nzima. Umeniuliza kama ni haki mtu kuonea raha habari za jamii inayoporomoka, na kama yakupasa kukiacha kitabu hapo ulipofika, sura ya 11, kwa kuwa usiku ukikifunga unajikuta ukisikiliza nyayo za wapita njia na kumtilia shaka hata jirani ambaye mchana mlisalimiana vizuri.

Raha yenyewe hainisumbui. Hadithi za namna hii ni za tangu zamani, na baadhi ya waliozitunga waliandika wakiwa na msiba rohoni. Mary Shelley, mwandishi Mwingereza, alipochapisha mwaka 1826 riwaya yake ya tauni inayowamaliza wanadamu, alikuwa amekwisha kufiwa na mumewe na watoto watatu, na miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amejifananisha katika shajara yake na mtu wa mwisho aliyebaki baada ya wenzake wote kutoweka. Nadhani msomaji naye huenda huko kutafuta mahali pa kuiweka hofu ambayo tayari anayo. Soma bila kujilaumu.

Lililonishughulisha ni huyo jirani. Rudi kwenye kurasa arobaini za mwanzo uone jinsi mwandishi anavyoifanya kazi yake. Umeme umekatika, na kwa siku nzima hakuna anayejali. Lakini sisi wasomaji tumekwisha kuonyeshwa pampu zilizosimama, na tunajua kwamba maji yanayoendelea kutoka bombani ni yale tu yaliyobaki katika tangi la juu. Kila mtu anayefua nguo, kila mtoto anayeachiwa achezee maji, anatuweka roho juu. Hiyo ndiyo taharuki ya hali ya juu kabisa, na tazama kwamba ndani yake hamna adui hata mmoja.

Kisha inakuja sura ya 4, na hapo ndipo mwandishi alipokufanyia hila. Yule mzee wa nyumba ya pili, ambaye tuliambiwa kwamba ndiye aliyekuwa akitunza funguo za watu wote, anaondoka kwa sentensi moja. Shangazi anafariki kati ya aya mbili. Fundi wa pampu hatajwi tena, ingawa mji wenye kiu ungemtafuta huyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Ikifika sura ya 6 dada na mdogo wake, wale ndugu wawili ambao hadithi inawafuata, wamebaki peke yao barabarani, na kila anayetokea mbele yao ana silaha. Sisi tunadhani tumeonyeshwa jinsi jamii inavyoanguka, kumbe tumeonyeshwa jinsi mwandishi alivyolisafisha jukwaa, kwa sababu mahali penye watu kumi wanaopokezana zamu ya ulinzi, mlio wa nyayo nje haumtishi mtu sana.

Sisemi kwamba amesema uongo. Tarehe 9 Novemba 1965 umeme ulikatika katika eneo kubwa la kaskazini mashariki mwa Marekani na sehemu ya Kanada, na watu wapatao milioni 30 wakakaa gizani, wengine kwa saa 13 hivi. Jijini New York maelfu walikwama katika treni za chini ya ardhi, raia wa kawaida wakasimama njia panda kuongoza magari, na usiku ukapita kwa utulivu. Jiji hilohilo likaingia gizani tena tarehe 13 Julai 1977, na safari hiyo maduka zaidi ya 1,600 yaliharibiwa au kuporwa, na watu zaidi ya 3,000 wakakamatwa. Giza lilikuwa lilelile. Lakini mwaka 1977 jiji lilikuwa taabani kifedha, wengi walikuwa hawana kazi, na joto lilikuwa kali, mambo ambayo yalikuwapo kabla taa hazijazimika. Mwandishi wako amechagua usiku wa 1977, ana haki ya kuuchagua, ila ameyaacha nje yale yaliyoutangulia, na ndiyo maana ukifunga kitabu unabaki na jirani tu wa kumwogopa.

Kuna kisa kingine cha kweli ambacho ningependa ukiweke karibu unapoendelea kusoma. Mwaka 1965 wavulana sita wa shule ya bweni huko Tonga, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, walichukua mashua bila ruhusa, dhoruba ikawavunjia tanga na usukani, wakatupwa kwenye kisiwa cha Ata kisichokaliwa na watu, na hawakupatikana hadi mwaka 1966, baada ya zaidi ya mwaka mmoja. Waligawana kazi kwa zamu. Walipogombana, wagomvi walitengana kwa muda hadi hasira zikapoa. Mmoja alivunjika mguu, wenzake wakamfunga gango, akapona. Moto waliouwasha hawakuuacha uzimike. Mtu wa pupa atasema hapo hamna riwaya, maana hakuna aliyemwinda mwenzake. Mimi nasema moto usiotakiwa kuzimika, ukilindwa na watoto usiku baada ya usiku, unatosha kumnyima msomaji usingizi, kama lilivyonitosha lile tangi.

Na hilo la tangi nililithibitisha katika usomaji wangu wa pili. Nyayo za sura ya 9, ambazo mara ya kwanza zilinifanya niinuke kitandani kwenda kukagua komeo (usimwambie ndugu yako), mara ya pili hazikunifanya lolote, kwa kuwa nilikwisha kujua ni nani aliyekuwa akija. Maji yaliyokuwa yakipungua yalinitisha zaidi ya mara ya kwanza, ijapokuwa nilijua hata siku yatakapokwisha. Nikagundua kwamba hofu ya nyayo ilikuwa imeazimwa kwa usiku mmoja tu, na hofu ya tangi ilikuwa yangu mwenyewe, kwa sababu hata leo sijui ni akina nani wanaohakikisha kwamba maji yananifikia.

Kwa hiyo usikiache kitabu. Zisome sura za barabarani mchana, kwa kuwa zimetungwa kwa ajili ya usiku na usiku zinakuzidi nguvu. Na kila nyayo zitakaposikika, jiulize ni nani aliyeondolewa katika ukurasa huo ili wewe uogope. Utashangaa ni mara ngapi jibu ni yule fundi wa pampu. Ujue pia kwamba mwandishi mwenyewe anaanza kuichoka hila yake kuanzia sura ya 15, ambapo watu wanarudi mmoja mmoja katika hadithi, na lugha yake inapata tena ule utulivu wa kurasa za mwanzo.

Ile bahasha ya baba yao ambayo mdogo mtu anaibeba bila kuifungua, itafunguliwa katika sura ya 19. Nakiri kwamba nilichungulia kabla ya wakati, kosa lilelile nililokuwa nikikukemea ulipokuwa mdogo, na nikajiharibia. Sitakuambia kilichomo. Ila dada na mdogo wake wanagombana vikali juu ya maneno yaliyoandikwa humo, na mimi niko upande wa mdogo mtu. Ukifika hapo, niandikie kabla hujaifungua sura ya 20, maana nataka kujua wewe uko upande wa nani.

Mama yako akupendaye.