Maswali ya Wasomaji: Sufu ya Kuzuia Joto Chini ya Mabati

Swali: Nyumba yangu ipo Morogoro, ina mabati na silingi ya jipsamu. Mchana ndani ni tanuri, na mvua ikinyesha hatusikilizani. Dukani kuna sufu ya kioo na sufu ya mawe, na ya mawe ni ghali zaidi. Fundi anasema yoyote inafaa mradi iwe nene. Nichukue ipi?

Jibu: Kwa upande wa joto fundi wako hajakosea. Zote mbili huzuia joto kwa hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi. Kwenye lebo tafuta herufi λ, yaani lamda, kipimo cha jinsi joto linavyopenya: ikiwa ndogo ndiyo bora. Nyingi huwa kati ya 0.035 na 0.040. Chukua unene kwa mita, ugawanye kwa lamda, utapata R, yaani uwezo wa kuzuia joto. Milimita 100 kwa lamda ya 0.040 inakupa 2.5, milimita 50 inakupa 1.25 tu. Chini ya bati usishuke milimita 100. Roli la sufu lisiloandikwa lamda liache dukani.

Zinapotofautiana ni kwenye uzito, sauti na moto. Sufu ya mawe hustahimili joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, ya kioo hulainika mapema zaidi. Kwa hiyo bomba la moshi wa jiko likipita darini, pale weka ya mawe. Kelele za mvua nazo hupungua zaidi kwa sufu nzito, ila uzito huo unabebwa na silingi. Ya mawe yenye kilo 40 kwa mita ya ujazo, kwa unene wa milimita 100, ni kilo 4 kila mita ya mraba: chumba cha mita 4 kwa 5 kinabeba kilo 80. Ya kioo yenye kilo 16 haifiki nusu ya hapo. Panda darini kwanza. Jipsamu ikiwa imeshikwa kwa misumari badala ya skrubu, au imeanza kubonyea, chukua ya kioo bila kusita.

Chumba hicho ni mita za mraba 20. Ongeza asilimia 10, ziwe 22. Ukinunua ya milimita 50 utandike tabaka mbili, ni 44. Roli la mita 1.2 kwa 15 lina mita za mraba 18, hivyo nunua matatu. Kipande kitakachobaki kiingie chumba kinachofuata. Tabaka la juu lilale kukingama la chini, ili maungio yasikutane.

Kazi huharibikia kwenye kushindilia. Sufu ya milimita 100 iliyobanwa ikawa 50 imepoteza karibu nusu ya R yake, kwa sababu hewa imetoka. Usiifunike juu ya taa zilizozama kwenye silingi. Acha nafasi kama milimita 100 kuizunguka kila taa. Nyaya za umeme zipite juu ya sufu, zikifukiwa hupata joto. Matundu ya hewa pembezoni mwa paa yaachwe wazi. Na bati linalovuja lizibwe kwanza, maana sufu iliyolowa haizuii joto, inabaki mzigo tu.

Swali: Ninajenga Njombe, bati bado. Nisubiri silingi?

Jibu: Usisubiri. Tandaza juu ya papi, yaani mbao zinazobeba bati, sufu yenye karatasi ya rangi ya fedha, karatasi ikitazama chini, kisha piga bati juu yake. Usiku wa baridi mvuke wa ndani hugeuka matone chini ya bati na asubuhi hudondoka. Karatasi iliyofungwa maungio kwa tepu huuzuia mvuke usifike huko. Sufu ikigusa bati hupunguza pia mtetemo wa mvua. Nunua skrubu ndefu kidogo, maana unapita kwenye unene wa sufu.

Swali: Je, sufu hizi si kama asbesto?

Jibu: Hapana. Asbesto husababisha saratani. Sufu ya kioo na ya mawe za majumbani, shirika la utafiti wa saratani la IARC liliziweka mwaka 2002 katika kundi la 3, yaani ushahidi hautoshi kuziita kisababishi cha saratani kwa binadamu. Ila zinawasha. Fundi avae barakoa ya kuchuja vumbi ya FFP2, miwani, glavu na mikono mirefu. Akimaliza ajisuuze kwa maji baridi bila kujisugua. Paa lako likiwa ni la asbesto ya zamani, usikate wala kutoboa chochote.