Mwanangu, pua ipite vidole vya miguu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Sisi huku Lamu wazima, alhamdulillahi. Bibi yako anakusalimu sana, na jana alitoka mwenyewe hadi barazani.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema mwalimu wenu wa tiba ya viungo amekuteua uwaongoze wenzako sita mtakapoingia wodini mwezi ujao, nawe unaona wewe mpole, huna sauti, na wengine wamekuzidi umri. Ukaniuliza: "Mama, kuongoza watu hufundishika, au mtu huzaliwa nako?"

Hufundishika, mama. Nami nilifundishwa ukubwani, tena na watu wa kazi yako.

Bibi alipopata kiharusi wewe ulikuwa bado sekondari, uko bweni, kwa hivyo mengi hukuyaona. Upande wa kushoto wote ulilegea. Mtaalamu wa tiba ya viungo alipokuja nyumbani alimkuta kitini kule sebuleni, nami nikamrukia Bibi, nikamshika ule mkono mgonjwa ili nimvute asimame. Yule bwana akanizuia taratibu. Akanieleza kwamba ukimvuta mtu mkono uliopooza unamuumiza bega, na bega likishaumia kazi huwa mbili. Kisha akachuchumaa mbele ya Bibi, macho yao yakawa sawa, akamwambia: "Sogea hadi ukingoni mwa kiti. Rudisha miguu nyuma kidogo. Inama mpaka pua ipite vidole vya miguu, kisha inuka."

Mara ya kwanza Bibi aliinama akarudi. Mara ya pili vivyo hivyo. Mimi moyo unaniruka, yeye ametulia, mkono mmoja uko tayari karibu na goti la Bibi lakini haumbebi. Mara ya tatu Bibi akainuka, makalio yakaachana na kiti, akasimama huku anatetemeka na kulia.

Nikadhani kazi imekwisha. Kumbe akanigeukia mimi: "Sasa wewe mfundishe dada yako, mimi nisikilize." Nilipokosea kuhusu miguu hakunikatiza. Aliningoja nimalize, akauliza, "Na miguu ikibaki mbele itakuwaje?" nikajisahihisha mwenyewe. Alipoondoka, nyumba hii ilikuwa na watu wawili wanaojua kumwinua Bibi. Huo ndio uongozi ninaoutaka kwako: ukiondoka wodini, kazi ibaki mikononi mwa wenzako na mwa jamaa za mgonjwa. Fikiria mtu wa Kizingitini au Faza. Kuja hospitali ni safari ya mashua na nauli, na hawezi kuja kila siku. Asipofundishwa yule atakayekaa naye nyumbani, mazoezi yataishia gatini.

Kuhusu sauti, usijisumbue nayo. Mimi sauti ninayo, unanijua jikoni, na iliwahi kuniponza. Katika harusi moja mtaani Langoni nilimfokea msichana mbele ya watu kwa kuwa vitunguu alivikata vinene. Baadaye yuleyule akaona chumvi inatiwa mara ya pili katika sufuria kubwa ya pilau, akanyamaza. Wageni wameshakaa kwenye jamvi ndipo tukaonja. Nilipomuuliza mbona hukusema, akajibu, "Nilikuogopa, shangazi." Tulianza kuteka maji na kupika upya, na tangu siku ile, kabla moto haujawashwa, nawaambia wote: mwenye kuona kosa aseme, hata kama kosa ni langu.

Kwenu kosa si pilau. Mnamsimamisha mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, wewe umeangalia miguu, mwenzako aliye nyuma yako anaona uso umepauka na jasho linamtoka. Akikuogopa atanyamaza, na mzee ataanguka. Kwa hivyo siku ya kwanza waambie: yeyote akisema "simama," tunasimama sote, maswali baadaye. Na wa kwanza atakayesema, hata akiwa amekosea, mshukuru mbele ya wenzake. Hao waliokuzidi umri waulize wao wangefanyaje kabla hujasema lako. Na kila Ijumaa muulize mwalimu wako jambo moja tu: wiki ijayo nibadilishe nini? Litauma. Uliza hivyo hivyo.

Likizo iliyopita ulinisimulia habari za wauguzi wanne wa kike kule Uingereza, ambao mwaka 1894 waliona kazi ya kukanda wagonjwa, iliyozaa kazi yako, imechafuliwa jina na wenye nyumba za ufuska, wakaunda chama chao, wakaweka kanuni na mitihani. Siku ile uliisimulia kama hadithi ya watu wakubwa. Mimi niliwaona wanawake wanne wamekaa pamoja, wamechoshwa na jambo, wakaamua kulianza wao. Wewe nawe unalo lako. Kila ukija unalalamika kwamba kiti cha magurudumu hakipenyi katika vichochoro vya Mkomani, na mgonjwa anafungiwa ndani. Basi lianze hapo hapo darasani: kabla mgonjwa hajaruhusiwa, kikundi chako kimuulize mlango wake una upana gani, ngazi ngapi, choo kiko wapi. Mgawane maswali, muandike majibu, mumpelekee mwalimu. Sheria yenu ya mwaka 2014, ile ya wataalamu wa tiba ya viungo, inataka mtu asajiliwe ndipo afanye kazi hiyo, na wewe bado mwanafunzi, lakini kuuliza hakungoji cheti.

Mzigo wako nimempa kijana anayevuka Mokowe kesho kupanda basi la asubuhi. Achari ya maembe ni yako. Halua wagawie wenzako sita, na yule uliyesema hasemi kabisa, kaa naye mle pamoja.

Mamako