Kabla Hujamvika Mwanasayansi Joho

Ukianza kuwaandalia watoto hadithi za wanasayansi waliogeuzwa mashujaa, wazo la kwanza litakalokujia ni kumvika Marie Curie joho na kumfanya atoe mwanga wa kijani viganjani. Watoto watashangilia. Lakini waulize kesho yake yule mama alifanya kazi gani, watakwambia alikuwa anarusha miali. Curie mwenyewe hayumo tena kwenye hadithi.

Kwa hiyo mimi hushika kanuni moja: nguvu ya shujaa itoke kwenye kazi aliyoifanya kweli. Curie alichemsha madini kwa tani kwenye banda linalovuja, akiyakoroga kwa fimbo ya chuma iliyokaribia urefu wake. Mwaka 1902, baada ya miaka ya kazi hiyo, alikuwa amepata takriban sehemu ya kumi ya gramu ya kloridi ya radiamu, yaani chumvi ya elementi inayotoa mnururisho. Basi mchore na fimbo ile. Kisha weka chumvi kidogo kwenye karatasi, ile inayobanwa kwa ncha za vidole viwili, uwaambie watoto kwamba marundo yote yale yalizaa kiasi kama hicho. Utaona wanavyosogea kuitazama.

Ninayempenda kuliko wote kwa kazi hii ni Jocelyn Bell Burnell. Mwaka 1967 alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, akikagua kwa macho karatasi zilizotoka kwenye mashine ya darubini ya redio, karibu mita 30 kila siku. Humo akaona kijichoro kidogo ambacho hakikufanana na ishara alizozizoea za kutoka angani, wala na kelele za mitambo ya binadamu. Angeweza kukipita. Badala yake alifukua karatasi za nyuma, akakuta kinatokea sehemu ileile ya anga. Karatasi ilipopitishwa kwa kasi zaidi, kikaonekana ni mapigo yanayorudi kila baada ya sekunde 1.3 hivi. Ilikuwa pulsa ya kwanza kugunduliwa, yaani nyota ndogo nzito inayozunguka kwa kasi na kutuma mapigo ya redio.

Nguvu yake ni jicho lisilopuuza, na jicho mtoto analo tayari. Chora mistari ya mawimbi kwenye karatasi ndefu, ufiche kasoro moja ndogo, uwape waitafute. Atakayeiona atapiga kelele. Usimpongeze haraka, mpe karatasi ya pili, umuulize kama ipo na humo. Swali hilo la pili ndilo ninaloandalia somo zima.

Watakasirika wakisikia kwamba Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 ilimtaja msimamizi wake, yeye ikamwacha. Waache wakasirike, kisha waambie kwamba mwaka 2018 alipewa tuzo nyingine ya dola milioni 3 akaitoa yote iwasomeshe wanafunzi wa fizikia kutoka makundi yaliyosahauliwa.

Kuhusu adui, wengi wanaoanza humtafuta mtu mbaya wa kupigana na shujaa. Huhitaji. Mwanasayansi wa China aitwaye Tu Youyou alipambana na malaria, na malaria ni adui tosha. Dawa ya mmea aliokuwa akiuchunguza na wenzake ilikuwa ikifanya kazi leo, kesho inagoma. Akarudi kwenye kitabu cha tiba cha Kichina cha karne ya 4, akasoma kwamba mmea uloekwe na kukamuliwa, akahisi kuwa joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa. Mwaka 1971 walipotumia njia ya joto la chini, ikafaulu kwa wanyama wa maabara. Usiyaruke yale majaribio yaliyogoma, na wachore wenzake pia. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wanafunzi waliosoma jinsi wanasayansi walivyohangaika walifanya vizuri zaidi darasani kuliko waliosoma mafanikio yao tu.

Kabla ya hadithi yoyote, waombe watoto wachore mwanasayansi. Katika utafiti maarufu wa mwaka 1983, kati ya watoto karibu 5,000 ni 28 tu waliochora mwanamke, na wote 28 walikuwa wasichana. Michoro ya kundi lako itakuonyesha nani anakosekana vichwani mwao. Anza na huyo.

Changanya pia waliokufa na walio hai, maana ukibaki na wa zamani tu, watoto huona kila kitu kimeshagunduliwa. Kwa aliye hai kuwa mwangalifu zaidi. Mpeleke sayari za mbali ukipenda, ila usimwekee mdomoni maneno asiyoyasema, na mtoto ajue kipi ni cha kubuni na kipi kilitokea. Mimi huyaweka yaliyotokea kweli kwenye ukurasa wa mwisho, na watoto waliokua kidogo huufungua huo kwanza.