Maswali ya Wasomaji: Ni Nini Kile Angani?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Jumapili saa 1:20 usiku, ufukweni Nyali, nilirekodi taa nyeupe kama ishirini zimefuatana mstari mmoja, kimya kabisa. Zilizimika moja baada ya nyingine na wingu halikuwepo. Mtaani wanasema majini. Ni nini? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Waaleikum salaam. Kwa maelezo haya tunashuku setilaiti za Starlink, zile za kusambaza intaneti. Roketi moja huzimwaga kwa pamoja, kilomita 300 hivi juu, kisha hupanda polepole hadi kama 500 hivi. Siku za mwanzo huwa bado zimeshikana foleni. Hazijawasha taa yoyote. Ni jua linalozimulika huko juu, na huku Mombasa kumeshakuchwa. Zikiingia kwenye kivuli cha dunia hutoweka, tena kila moja hutowekea karibu pale pale ilipopotelea ya mbele yake. Kagua hilo kwenye video ukilinganisha na ncha ya mnazi.

Usitosheke na neno letu. Fungua Heavens-Above, tovuti inayoonyesha setilaiti zinapita wapi na saa ngapi, weka Mombasa na tarehe. Wengi huteleza kwenye saa: saa 1:20 usiku ni 19:20 kwenye simu, na ni 16:20 kwa UTC, saa ya kimataifa inayotumika sana kwenye rekodi za safari za ndege. Ukikosea, utakagua anga la saa nyingine. Muda kamili umo ndani ya faili yenyewe, ila ukiituma WhatsApp kama video ya kawaida hubanwa na muda huo hupotea. Itume kama dokumenti.

SWALI: Jioni naona nyota kubwa upande wa Changamwe, imesimama tu na inabadilisha rangi. Nikiivuta kwa simu inakuwa duara lenye magamba. (Msomaji, Likoni)

JIBU: Duara hilo limetengenezwa na kamera, ndugu. Gizani simu hukosa cha kulenga, nukta ya mwanga ikavimba, na vumbi au mafuta ya vidole kwenye lenzi yakaonekana kama magamba. Futa lenzi, acha kuvuta, egemeza simu ukutani, kisha shikilia kidole juu ya nukta hadi fokasi ijifunge. Pembe ya paa iwe ndani ya picha. Rekodi dakika 3. Ikishuka kiasi cha mwezi mpevu mmoja na nusu, ni sayari, pengine Zuhura; hewa nzito ya chini ndiyo inayomchezesha rangi. Ikitokeza taa mbili, nyekundu na kijani, ni ndege inayokujia usoni, nayo huweza kuonekana imesimama kwa dakika kadhaa.

SWALI: Kitu cheusi kimepita juu ya Fort Jesus mchana kama risasi. Kwa macho sikukiona, kipo kwenye video tu. (Msomaji, Mji wa Kale)

JIBU: Hesabu fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Simu ikichukua fremu 30 kwa sekunde na kitu kikapita picha nzima kwa fremu 6, kimetumia sekunde 0.2. Kikiwa mita 1 kutoka kwenye lenzi, kimekwenda kama mita 1.3 tu, yaani mita 6.5 kwa sekunde, mwendo wa kawaida wa kereng'ende. Kikiwa kilomita 1, kimekwenda kilomita 6.5 kwa sekunde, na Mombasa nzima ingesikia kishindo. Kikiwa na ukungu ilhali ukuta wa ngome uko wazi, ni mdudu wa karibu. Ila kikipita nyuma ya ukuta, tuletee faili.